Risiti namba 1,043 iko wapi? Uzoefu wangu na namba za PostgreSQL

Natunza programu ya SACCOS ndogo hapa Morogoro. Makarani wawili wanapokea fedha kwenye madirisha mawili, na kila mwanachama anayelipa anaondoka na risiti yenye namba. Mwanzoni namba hiyo niliipata kienyeji: programu inaangalia namba kubwa kuliko zote kwenye jedwali, inaongeza moja. Tulienda hivyo vizuri mpaka siku moja ya mshahara, foleni imefika mlangoni, makarani wote wakahifadhi kwa pamoja. Wanachama wawili wakatoka na risiti namba 611.

Ndipo nikaiachia PostgreSQL yenyewe, hifadhidata inayotunza rekodi zetu, kazi ya kugawa namba. Tangu toleo la 10 la mwaka 2017, ukitengeneza safu unaandika GENERATED ALWAYS AS IDENTITY, basi. Nyuma ya safu hiyo kuna kihesabio chake, na namba kikishampa mtu hakimpi mwingine, hata waombe mia kwa mpigo. Kwa hilo naisifu bila kusita. Namba pacha hatujaziona tena.

Siku ya kuhama nilikwama kidogo. Niliingiza risiti za zamani mia nane na ushee pamoja na namba zake, lakini kihesabio hakikujua habari zao, kikaanza na 1. Risiti mpya ya kwanza ikakataliwa kwa sababu namba 1 ina mwenyewe. Dawa yake ni amri ya setval, unakisogeza kihesabio mpaka kwenye namba ya mwisho. Anayehamisha data asisahau hatua hiyo.

Mtihani wenyewe ulikuja na mkaguzi wa hesabu. Alizipanga risiti kwa namba akawa anashuka na kalamu: 1,041, 1,042, 1,044. Kalamu ikasimama. Akamuuliza mhasibu, mhasibu akanigeukia mimi.

Fedha haikupotea. Karani alikuwa anahifadhi malipo, mawasiliano na seva yakakatika katikati, muamala ukabatilishwa. Hifadhidata ilirudisha kila kitu kama kilivyokuwa, isipokuwa namba. Ikishatoka hairudi, na ndivyo ilivyokusudiwa: ingekuwa inarudi, dirisha la pili lingelazimika kusubiri la kwanza limalize ndipo nalo lipewe namba. Nyaraka za PostgreSQL zinalieleza wazi jambo hili, ila mimi sikuwa nimelisoma.

Mkaguzi alinielewa, lakini hakuridhika, na naona alikuwa na haki. Kwenye kitabu cha risiti cha karatasi, risiti ikiharibika karani anaipiga mstari, anaandika "imefutwa", na nakala zote zinabaki kitabuni. Pengo lina ushahidi wake. Kwetu palikuwa patupu, na tulipopekua tukakuta mapengo manne.

Sasa kila malipo yana namba mbili. Ya kwanza ni ileile ya PostgreSQL, inatambulisha rekodi na kuunganisha majedwali. Mwanachama haioni, na ikiruka haina madhara. Ya pili ndiyo inayochapwa kwenye risiti. Inatoka kwenye jedwali dogo lenye mstari mmoja tu, na mstari huo unafungwa na kuongezwa moja ndani ya muamala uleule wa malipo. Malipo yakishindikana, namba inarudi. Karani wa pili anasubiri kidogo, muda ambao kwa madirisha mawili hakuna anayeuhisi. Kwa mfumo wa maelfu ya miamala kwa dakika nisingeshauri njia hii. Na risiti ikikosewa haifutwi kwenye jedwali. Inawekewa alama kuwa imebatilishwa, nani kabatilisha na kwa sababu gani.

Safu ya utambulisho niliipa bigint, aina kubwa kuliko zote ya namba kamili. Integer ya kawaida inafika 2,147,483,647, nyingi mno kwetu, lakini smallint, aina ndogo, inaishia 32,767, na hiyo SACCOS yenye wanachama hai inaifikia.

Namba 1,043 nimeiacha wazi. Kwenye faili la ukaguzi kuna karatasi ya maelezo, imesainiwa na mimi na mhasibu.