Tsureki, mkate wa Pasaka ya Kigiriki: ya kununua na ya kuoka mwenyewe (uzoefu wangu)

Ukiwa Ugiriki wiki ya mwisho ya Kwaresima, harufu ya tsureki utakutana nayo njiani kabla hujaliona duka. Ni mkate mtamu wa mayai, maziwa na siagi. Husukwa kwa mikia mitatu, hupakwa kiini cha yai na kunyunyiziwa lozi, na mara nyingi yai jekundu huchomekwa kwenye ncha moja. Nimeinunua Athens na Thessaloniki, kwenye maduka makubwa na madogo, na siku hizi naioka mwenyewe hapa Kypseli, mtaa wa Athens ninapoishi. Hukumu yangu naitoa mapema ili asiye na muda asihangaike: ile ya kawaida, isiyojazwa kitu, oka mwenyewe. Iliyojazwa kastani, zile kokwa tamu za mti wa nchi za baridi, nunua.

Kwanza tuelewane tsureki nzuri ni ipi. Wagiriki wengi hupenda kuivuta kwa mkono kuliko kuikata kwa kisu, na wanachotafuta ni nyuzi. Shika kipande, vuta polepole. Ikichanika kwa nyuzi ndefu, laini kama sufi, umepata kitu. Ikivunjika na kumwaga makombo, basi donge halikukandwa vya kutosha, hata kama juu inang'aa namna gani. Nyuzi hizo ni kazi ya unga wenye protini nyingi na mkono usiokuwa na haraka, na siagi huingia mwishoni, baada ya donge kushikana.

La pili ni harufu, na hapa ndipo pesa yako inapokwenda. Kuna mahlepi, mbegu iliyo ndani ya kokwa la cheri ndogo za mwituni, yenye uchungu kidogo na harufu iliyo karibu na lozi chungu. Kuna iliki, ambayo mimi mtu wa Tanga sikuhitaji kufundishwa. Milima ya Usambara imetulisha iliki tangu utotoni. Halafu kuna mastiha.

Mastiha ni utomvu wa mti mfupi wa jamii moja na pistashio, na hugemwa kusini mwa kisiwa cha Chios. Wakulima husafisha chini ya mti na kumwaga udongo mweupe, kisha huchanja gome. Utomvu unadondoka pale, unaganda, unaokotwa punje moja moja na kusafishwa kwa mkono. Wenyewe wanaziita punje hizo machozi. Tangu 1997 jina la mastiha ya Chios linalindwa na sheria za Umoja wa Ulaya, na mwaka 2014 UNESCO iliuingiza ujuzi wa kuilima katika orodha yake ya urithi wa binadamu. Kazi yote hiyo ina gharama, ndiyo maana waokaji wa bei rahisi huiruka na kutia vanila. Kwa hiyo ukinusa tsureki ukasikia vanila tupu, irudishe kwenye rafu.

Nasema hivyo kwa sababu ilinikuta. Nilinunua ya karatasi ya plastiki kwenye supamaketi moja karibu na kwangu. Ilikuwa kavu, tamu kupita kiasi, na lile yai jekundu limechuja rangi hadi ndani ya mkate. Watoto waliila kwa sababu ya sukari. Mimi nilikasirika, maana mtu anayeionja mara ya kwanza kwa namna hiyo ataondoka akidhani tsureki ndiyo hiyo.

Maduka ya mkate ya mtaani, yale wanayoyaita furnos, ni habari nyingine. Nenda Alhamisi Kuu asubuhi, siku ambayo mayai hupakwa rangi nyekundu na tanuri zinafanya kazi tangu alfajiri. Muulize muuzaji kama wametia mahlepi na mastiha. Mwenye nazo atakujibu kwa furaha, na wengine watakukatia kipande uonje kama hufungi. Hupimwa kwa kilo, na bei ni mara kadhaa ya mkate wa kawaida, lakini ukijua kilichomo ndani hulalamiki.

Kwa iliyojazwa, safari ya Thessaloniki ilinimaliza. Terkenlis, jina lililopo mjini humo tangu 1948, wanauza tsureki iliyojazwa kastani zilizosagwa laini na kufunikwa chokoleti nyeupe. Ni nzito. Kipande kimoja na kahawa isiyo na sukari kinakutosha mpaka jioni. Lakini mkate wenyewe ulio chini ya chokoleti bado una nyuzi zake, na kastani haijafunikwa na utamu. Kuandaa kastani hivyo nyumbani ni kazi ya siku nzima, kwa hiyo hapo natoa pesa bila kinyongo. Usikose ukipita mji ule. Utaona wasafiri wengi wamebeba maboksi yake uwanja wa ndege.

Sasa ya kuoka. Aliyenifundisha ni mama mmoja wa ghorofa ya chini, ambaye wazazi wake walikuja na wimbi la wakimbizi wa Kigiriki kutoka Uturuki, wakati nchi hizo mbili zilipobadilishana watu kwa mkataba wa Lausanne wa 1923. Tsureki za familia zilizotoka huko zinasifika kwa viungo vyao, na mama huyu hana masihara na viungo. Mahlepi ananunua nzima mtaa wa Evripidou, penye maduka ya viungo katikati ya Athens, na kuisaga siku hiyo hiyo, kwa kuwa ikikaa imesagwa mafuta yake yanachacha. Mastiha anaitwanga kwenye kinu kidogo pamoja na kijiko cha sukari. Ukiitwanga peke yake inanata kwenye mchi na hutaibandua leo.

Vipimo vyake: unga kilo 1 ule wenye nguvu, sukari gramu 300, siagi gramu 200, mayai 5, maziwa vuguvugu kama mililita 250, hamira mbichi gramu 50, mahlepi gramu 10, iliki ya unga gramu 5, mastiha gramu 2 au 3. Mastiha usizidishe, mkate utageuka mchungu. Donge litakuwa laini na la kunata, na mkono utakuwasha kuongeza unga. Usiongeze. Endelea kulikunja na kulivuta, ukitia siagi iliyoyeyuka kidogo kidogo, mpaka liache kushika bakuli. Liache mahali pa joto, mbali na upepo, liumuke mara mbili yake. Donge lenye mafuta mengi hivi linaumuka taratibu kuliko la maandazi, usilikimbize. Suka bila kukaza, liache tena liumuke, paka kiini kilichochanganywa na maziwa, kisha oveni nyuzijoto 170, katikati, hadi rangi iwe ya kahawia. Juu ikiwahi kuiva, funika kwa karatasi ya foili.

Hila ya mwisho niliyoipata kwake: ikibaki uvuguvugu, ifunge kwenye plastiki ya jikoni. Unyevu unabaki ndani na siku ya pili ni laini kuliko ya kwanza.

Halafu kuna kusubiri, na kusubiri ni sehemu ya ladha. Anayefunga kwa taratibu za Kiorthodoksi hajagusa yai, siagi wala maziwa Kwaresima yote. Tsureki iko mezani tangu Alhamisi, na haiguswi mpaka usiku wa manane wa Jumamosi, baada ya kanisani kuitikiana "Kristo amefufuka, kweli amefufuka". Watu wanarudi na mishumaa, wanagonganisha mayai mekundu, wanakunywa supu, kisha mkate unavutwa. Mezani kwa yule mama ndipo nilipoelewa kwa nini wanaujali hivi.

Kwa ndugu zangu wa Kenya na Tanzania, wakiwemo waumini wa Kiorthodoksi mlio huko: iliki mnayo, na bora kuliko ya hapa. Mkipata mtu anayesafiri kutoka Ugiriki, mwagizeni mastiha na mahlepi nzima, si ya unga. Pakiti ndogo ya kila moja haina uzito na inatosha mikate mingi. Mastiha ikae mahali pa baridi ili isishikane, mahlepi ikae kwenye friza. Pasaka ya Kiorthodoksi mwaka 2026 ni tarehe 12 Aprili, kwa hiyo agizeni kabla ya Machi kwisha.