Vikao vinne vya fiziotherapia kwa ajili ya kovu la upasuaji wa uzazi: tathmini ya mama aliyevilipia

Miezi mitano baada ya kujifungua kwa upasuaji, mshono wangu ulikuwa umefunga vizuri na kila aliyeutazama alisema nimepona, lakini nilikuwa siwezi kufunga kanga kiunoni bila kukunja uso. Upande wa kushoto wa kovu, kitambaa kikigusa tu, nilihisi kama nimepigwa shoti ya umeme. Juu yake kidogo palikuwa na sehemu ya upana wa vidole vitatu iliyokufa ganzi, kiasi kwamba maji ya kuoga yakipita hapo sikujua kama ni ya moto au ya baridi. Usiku kovu liliwasha. Hospitalini nilikojifungulia niliambiwa kwamba ni kawaida na kwamba yatapita, jibu ambalo halikuwa la uongo ila halikunisaidia kitu, kwa sababu hofu yangu kubwa ilikuwa kwamba kuna kitu kinachanika ndani kila ninapoinama kumwogesha mtoto.

Jirani aliyepitia hali hiyo hiyo alinielekeza kwenye kliniki moja ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mikono na mazoezi, hapa Dar es Salaam. Nina sifa na lawama juu yake, kwa hiyo sitaitaja jina. Ninachotathmini ni huduma yenyewe. Nilihudhuria vikao vinne katika wiki sita, kila kimoja dakika 45 kwa shilingi 45,000, na fedha hiyo niliilipa mwenyewe.

Kikao cha kwanza ndicho kilichostahili malipo yote. Mtaalamu, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, hakunigusa kwa karibu nusu ya muda. Kwanza aliniuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza: kama nina homa, kama mshono unatoa usaha au harufu, kama kuna joto au uvimbe unaoongezeka (kwa ngozi nyeusi, alisema, wekundu si dalili ya kutegemea), kama kuna kitu kinachojitokeza tumboni ninapokohoa, na kama kuna kinundu kwenye kovu kinachouma kila hedhi inapokaribia. La mwisho lilinishangaza. Alinieleza kwamba mara chache tishu za ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi huota kwenye kovu, zikawa zinafuata mzunguko wa mwezi, na kwamba mwenye dalili yoyote kati ya hizo angemrudisha kwa daktari kabla ya kuanza kazi yake.

Kisha akachukua karatasi na kalamu. Alinichorea mkato wangu, ule wa mlalo juu kidogo ya kinena, ambao daktari Mjerumani Hermann Johannes Pfannenstiel aliueleza mwaka 1900, na akanipitisha tabaka kwa tabaka: ngozi, mafuta, utando mgumu unaofunika misuli, misuli yenyewe ambayo kwa kawaida hutenganishwa katikati badala ya kukatwa, utando wa ndani wa tumbo, na mwisho mfuko wa uzazi. Mishipa midogo ya fahamu ya ngozi haina budi kukatwa njiani, na hiyo ndiyo ganzi. Inapoota upya huenda polepole sana, kama milimita 1 kwa siku, na ncha zake changa hupeleka ujumbe uliochanganyikiwa, na hizo ndizo shoti. Kuwasha hutokana kwa sehemu na kemikali iitwayo histamini, ambayo mwili huitoa wakati kovu likijijenga. Kule kuvuta ninapoinama ni tabaka zilizoshikamana, ambazo zamani ziliteleza moja juu ya nyingine. Hakuna kilichokuwa kinachanika. Niliitazama ile karatasi na machozi yakanitoka. Alinipa kitambaa, akasubiri, kisha akaendelea.

Kabla sijaondoka aliniuliza: "Mama, nyumbani unakandwa?" Nikamwambia ndiyo, bibi yangu alikuja kutoka Tanga akanikanda kwa taulo na maji ya moto katika arobaini yangu, na mpaka sasa mwili ukinichoka hunikanda. Hakumdharau bibi. Alisema mgongo, miguu na mabega havina shida, lakini ngozi yenye ganzi haiwezi kumwonya mwenyewe kwamba maji yamezidi moto, hivyo mtu anaweza kuungua na asijue mpaka aone malengelenge. Nilipofika nyumbani nilimweleza bibi, naye akanyamaza kidogo, akasema: "Mjukuu wangu, hilo sikulijua." Tangu siku hiyo tumbo langu haligusi.

Kikao cha pili kilikuwa cha kuizoeza ngozi kuguswa. Nilitarajia kifaa cha gharama, lakini mezani palikuwa na sufi ya mto, kipande cha kanga kuukuu, kipande cha kanga mpya ambayo bado ilikuwa na wanga, taulo, na dodoki. Tulianza na sufi, mbali na sehemu yenye shoti, tukaikaribia taratibu huku nikitazama kwa macho yangu mwenyewe kinachonigusa. Kila sehemu ilipata dakika moja au mbili. Nikiweza kuvumilia kitu kimoja bila kushtuka, tunapanda kingine. Nyumbani niliambiwa nifanye hivyo mara tatu kwa siku, na dodoki sikulifikia mpaka wiki ya tano. Kanga mpya ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko vyote, na nadhani mwanamke yeyote anayefunga kanga ataelewa nilivyofurahi siku nilipoifunga kutwa nzima.

Aliniongezea pia kulisogeza kovu: vidole viwili, mafuta ya nazi kidogo, kuisukuma ngozi juu, chini na pembeni hadi mahali inapogoma, na kuituliza hapo bila kulazimisha. Alisisitiza kwamba jambo hili halifanywi kabla jeraha halijafunga kabisa na mama hajapimwa, jambo ambalo kwa wengi huwa baada ya wiki ya sita.

Lawama yangu ya kwanza inahusu kikao cha tatu. Nilifika nikakuta mtaalamu mwingine, kijana, ambaye hakuwa amesoma faili langu na aliyeanza moja kwa moja kwa kubonyeza upande wa kushoto kwa nguvu. Nilipiga kelele. Aliomba radhi kwa dhati, lakini kwa siku tatu zilizofuata shoti zilirudi kama mwanzoni, na kliniki haikunipa maelezo yoyote ya kwa nini nilibadilishiwa mhudumu bila kuarifiwa. Zaidi ya hapo, vitanda vimetenganishwa kwa pazia tu, na mama anayefunuliwa mpaka kinenani anastahili mlango. Mahali pa kunyonyeshea hapakuwapo. Nilinyonyesha kwenye kiti cha mapokezi.

Hapo mapokezi ndipo niliponunua pia kipande cha silikoni, utando laini unaonata kama mpira, kwa shilingi 38,000, na hiki nakipa alama za wastani. Kinabandikwa kwenye kovu lililofunga, angalau saa 12 kwa siku, kwa miezi miwili au mitatu na zaidi. Kwangu kimelilainisha kovu na kupunguza kuwasha, na kwa sisi ambao ngozi zetu huota makovu manene kwa urahisi, hilo si jambo dogo. Hata hivyo muuzaji alikinadi kama dawa ya ganzi, wakati hakigusi mishipa ya fahamu hata kidogo. Na kwa joto la Dar es Salaam jasho hukusanyika chini yake: nilipata vipele wiki ya kwanza, mpaka nilipozoea kukiosha kila jioni, kukausha ngozi vizuri na kuiacha ipumue kabla ya kukibandika tena.

Kikao cha nne nilirudishiwa mtaalamu wangu. Alipima ganzi kwa ncha ya pamba, akaweka alama kwa kalamu, akanionyesha kwamba upana wa vidole vitatu umekuwa kama kimoja na nusu. Shoti zilizokuwa hazihesabiki sasa hunipata mara moja au mbili kwa siku, hasa bajaji ikipita kwenye shimo. Aliniambia waziwazi kwamba kovu huendelea kubadilika kwa mwaka mmoja na zaidi, na kwamba kisehemu cha ganzi kinaweza kubaki daima.

Atakayekwenda aombe miadi ya asubuhi, wakati vitanda vya jirani bado vitupu, aulize kwa simu ni nani atakayemhudumia kila kikao, na achukue kipande cha kanga yake mwenyewe.