GPS za gari za bei poa, zile za kubandika kwenye kioo: mimi na wenzangu wa Tabora tulivyoziona

Wadau nimeona watu wengi wanaulizia hizi GPS za kichina za inchi 7, vile vidude vya kukuonyesha njia unavyobandika kioo cha mbele, kama zinafaa kwa barabara zetu za huku. Mimi ninayo kwenye Noah, jirani yangu hapa Ipuli anayo kwenye Fuso, na kuna dada anasambaza dawa za mifugo na Probox naye anayo, zote tatu ni kitu kilekile nembo tu zimetofautiana, na kila mtu ana lake la kusema. Mimi nasema hivi: kidude chenyewe kizima kabisa, ramani waliyotuwekea ndani ndio tatizo, kwa hiyo ukinunua bila kuikagua ramani hela yako umeitupa.

Kwanza mjue kwa nini watu wanazikimbilia. Magari yetu mengi ya Japani yanakuja na redio yenye ramani ya Japani na maandishi ya Kijapani, nyingine ukichomoa betri ya gari tu inakuomba kadi ambayo imebaki hukohuko, sasa mtu akisikia kuna kidude cha laki moja na nusu mpaka laki mbili hakitaki laini wala bando lazima avutike. Na hapo kwenye bando wauzaji hawadanganyi. GPS inapokea tu mawimbi kutoka kwenye satelaiti, hakuna wa kukutoza, ndio maana ukiwa porini kati ya Ipole na Inyonga simu haina mtandao hata nukta moja mshale wenyewe unatembea vizuri tu. Ila iwashie nje peupe, inatakiwa ikamate satelaiti nne ndio ijue ilipo, na kama imekaa muda mrefu bila kuwashwa usiwe na haraka nayo.

Sasa njoo kwenye ramani, hapa ndio naumia. Ya kwangu ilikuja na ramani nzito ya Ulaya, vijiji vya Ufaransa vyote vipo, halafu Tanzania wamechora barabara kuu tena za zamani. Nikiuliza njia ya Dodoma inanizungusha Nzega halafu Singida, wakati lami ya kupita Nyahua na Chaya mpaka Itigi na Manyoni ipo na wote tunaipita, yenyewe bado inaiona ni vumbi la kukwepa. Njia ya Kigoma ndio usiseme. Unavuka Malagarasi juu ya Daraja la Kikwete, zege limetulia chini ya tairi, ukitupa jicho kwenye skrini gari lako liko kwenye rangi ya kijani pembeni ya ile barabara ya zamani, hakuna mstari wowote, na yule mama wa Kiingereza anayeongea ndani ya kidude anakusisitiza ugeuze gari urudi, unavuka daraja lote anasema maneno yaleyale. Dereva mgeni usiku peke yake ukimpa kifaa kama hicho unamtia wasiwasi bure. Na mjini usiisumbue, mitaa ya Ipuli, Isevya au Kiloleni haipo, utauliza bodaboda kama zamani.

Jirani wa Fuso yeye anaipenda kuliko sisi wote na nimemuelewa. Anabeba tumbaku kutoka kwenye maghala ya AMCOS, vile vyama vya ushirika vya wakulima, Urambo, Kaliua, Ulyankulu huko ndani ndani, njia za kufika hakuna ramani inayozijua, kwa hiyo hiyo ramani waliyoweka hana habari nayo, kila ghala akifika mara ya kwanza anabonyeza anahifadhi mahali pale na jina lake, msimu ukirudi anafuata alama zake mwenyewe. Hata kwenye ramani tupu anaona ghala liko upande gani na limebaki umbali gani kwa mstari ulionyooka. Hayo ndio matumizi ya akili. Cha kuangalia tu kwa wenye malori, Fuso ni volti 24, chaja nyingine zinazokuja kwenye boksi zimeandikwa 12 tu, soma kile kiandishi kidogo kabla hujachomeka.

Dada wa Probox yeye kaichoka. Wafugaji wanamtumia mahali walipo kwa namba za latitudo na longitudo, anaziingiza, kidude kinampeleka Sudan Kusini! Kumbe kinaanza na N, yaani kaskazini, na Tabora tuko kama digrii 5 kusini ya ikweta, ukiandika 5 na 32.8 bila kubadili N kuwa S unaangukia huko kweli. Ukishajua ni sekunde mbili, lakini hakuna karatasi ya maelezo iliyosema. Na ya kwake tarehe inarudi nyuma karibu miaka 20, hilo linatokea kwa chipu za zamani sababu hesabu ya wiki za GPS ilirudi sifuri Aprili 2019, njia inaonyesha sawa ila saa na tarehe usiziamini.

Betri ni ya jina, ukichomoa chaja haifiki mbali. Kiplastiki cha kunyonya kioo kinaachia jua likikolea, kifute na kioo ukifute na maji kwanza ndio kishike. Spidi yake ndio nzuri, naiamini kuliko ya dashibodi, ukiingia kwenye kibao cha 50 unajua kabisa uko ngapi kabla ya tochi haijakumulika.

Kama una simu ya zamani imekaa tu kabatini mimi ningekwambia anza na hiyo, weka programu ya ramani ya OsmAnd au Organic Maps, shusha ramani ya Tanzania ukiwa na waifai, ni bure na inafanya kazi bila mtandao, barabara mpya zinaingia maana ramani ya OpenStreetMap inachorwa na watu wenyewe. Simu inapata moto juani, kweli, lakini Chaya inaijua.

Ukiamua kununua hicho kidude basi mwambie muuzaji mtoke nje ya duka, kiwashwe, kipate satelaiti, halafu tafuta njia ya Tabora kwenda Manyoni muione wote wawili. Ikikupeleka Nzega, mwambie fundi wake aweke ramani mpya kwenye memori kadi hapohapo kabla hujatoa hela, na folda ya ramani ya zamani aikopi pembeni isipotee. Akikataa, duka la jirani nalo linauza.