Kabla hujanunua tenki la geko, pima kizingiti kwanza

Mama alipomuona Mandazi kwenye vidio ya WhatsApp alinyamaza kidogo halafu akauliza, "Huyo si mjusi kafiri huyo? Ambaye sisi tunampiga na ndala?" Nikamwambia hapana mama, huyu ni kresti geko, asili yake New Caledonia, mwangalie ana vikope. "Na umemjengea nyumba?" Nimemjengea mama. Tena mbili.

Hiyo nyumba ya kwanza ndiyo imenifanya niandike. Niliagiza onlaini mwaka jana, tenki la kioo la kujiunganishia mwenyewe, milango miwili ya kuslaidi, nyota nne na nusu, na picha yake imejaa majani mpaka unatamani uhamie wewe. Pauni 65. Urefu wameandika, upana wameandika, uzito wameandika, hata rangi ya boksi wameandika. Kitu kimoja hawakuandika na mimi sikujua kuuliza: kizingiti. Yaani kile kipande cha kioo kilichosimama chini ya mlango, kinachozuia udongo usije sebuleni. Langu kilikuwa vidole viwili.

Kama unatandika karatasi za jikoni na ua la plastiki, kizingiti hakikuhusu, endelea na maisha yako. Lakini tenki la mimea hai lina ghorofa. Chini kabisa vile vigololi vya udongo wa kuchoma, sentimita 4 au 5, maji yanayozidi yatulie huko yasiozeshe mizizi. Juu yake wavu. Juu ya wavu udongo, na huo chini ya sentimita 7 mimea inasimama tu kama wageni. Sasa jumlisha mwenyewe halafu uniambie vidole viwili vinazuia nini.

Mimi nilijaza hivyo hivyo, udongo ukapanda mpaka juu ya mlango. Kila nikifungua kumpa chakula unamwagika, punje zinaingia kwenye reli, mlango unakwama katikati, ukisukuma unalia kama kinanda kibovu. Maji nayo yakapata njia, yakawa yanachuruzika kwenye reli taratibu usiku kucha mpaka kabati la tv likavimba pembeni. Halafu siku moja mlango umekwama, mimi nasukuma kwa hasira, Mandazi kaamka karuka, mkia ukabanwa. Akauachia. Uko pale kwenye udongo unachezacheza peke yake na mwanangu anapiga kelele. Mjusi kafiri wa nyumbani akikata mkia unaota mwingine, hawa kresti hauoti tena, ndio basi, ataishi kama chura miaka yake yote, na hawa wanaweza kufika miaka 15.

Kwa hiyo taa, vipimajoto na mapambo siongelei, hayo kila mtu kayaandika. Jua tu huyu hapendi joto, 22 mpaka 26 anaenjoi, ukivuka 28 unaweza kumuua, na maji anayalamba kwenye majani ukishampulizia jioni. Mimi naongelea kizingiti.

Haya, tenki za kuchagua ukizipanga kwa kizingiti. Namba moja ni tenki la kampuni ya Exo Terra, la sentimita 45 kwa 45 kwa 60, na sifichi, mimi ni mtu wa Exo Terra. Milango inafunguka kwa nje kama dirisha, hakuna reli ya kujaa mchanga. Kizingiti kinatosha: mbele naacha udongo chini kidogo ya mlango, nyuma naupandisha kama kilima, mimea mikubwa inakaa huko kwenye kina. Chini ya milango kuna vitundu vya hewa, juu wavu, hewa inapanda na kioo hakijai ukungu muda wote. Kasoro yake ni huo huo wavu wa juu, kipindi cha baridi hita za nyumba zikiwaka unyevu unatoroka wote, mimi nimefunika nusu kwa kipande cha kioo cha fremu ya picha ya harusi (picha iko salama, msijali). Bei inauma, mpya inapita pauni mia. Na usidanganywe na ile ndogo ya 30 kwa 30 kwa 45 eti ataitosha, ya mtoto hiyo, mkubwa anataka kupanda juu na kurukaruka.

Namba mbili ni Exo Terra hiyo hiyo ya mtumba. Watoto wa watu wanachoka na wanyama mapema sana. Jaza maji mpaka usawa wa kizingiti, iache juu ya magazeti usiku mzima, asubuhi magazeti yakiwa makavu lipa. Mwenye nacho akikataa jaribio hilo, ondoka.

Namba tatu Zoo Med, nao wana tenki zinazofunguka mbele bila reli, sina ugomvi nao. Ila sio Exo Terra.

Namba nne kutengenezesha. Ningekuwa Dar ningeenda kwa fundi wa vioo na alumini, namchorea kwenye kikaratasi, kizingiti sentimita 15, kesho kutwa nabeba. Huku Uingereza nilipiga simu sehemu, bei niliyotajiwa ni ya kununulia mbuzi.

Za bei rahisi: tenki la samaki linafunguka juu, na geko anaona kila kinachotoka juu kama ndege wa kumla. La mbao linaoza. Tumemaliza.

Sasa hawa wauzaji. Niliandikia maduka kadhaa swali moja la adabu kabisa, "kutoka sakafu ya tenki mpaka chini ya mlango ni sentimita ngapi?" Mmoja akanirudishia urefu wa tenki zima. Mwingine akanitumia linki ya bidhaa ile ile ninayoiulizia. Mwingine akaniambia wateja wengine hawajalalamika. Jamani mtu ana rula hapo dukani anashindwa kusimama?

Halafu kwenye maonyesho ya reptilia nikakutana na jamaa ana mijusi wadogo wa bluu, wale wa Kimboza, kale kamsitu chini ya milima ya Uluguru kule Morogoro, wanaoishi kwenye mikadi, na porini duniani wapo huko na vimsitu vya jirani tu. Akajua natoka Tanzania, akaniambia kwa fahari "hawa wa kwenu hawa". Nikamwambia ndio, wa kwetu, na tangu 2017 wako kwenye orodha ya juu kabisa ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, cheti chake kiko wapi? Akakumbuka ana mteja upande wa pili. Ukiuziwa huyo bila karatasi, acha, hata tenki lako liwe na kizingiti cha mita.

Na udongo! Tofali la usumba, makumbi ya nazi yale yale ambayo bibi anawashia moto, wamelikandamiza wakalichapa picha ya mjusi, pauni 6. Nenda duka la vifaa vya bustani, lile lile bila picha ya mjusi ni nusu bei. Changanya na udongo wa bustani usio na mbolea. Mimea chukua pothos na sansevieria, hawafi hata ukiwasusa, ila uwaoshe mizizi kwanza maana vitalu vinapuliza dawa. Mwaga na vile vidudu vyeupe vidogo vinavyokula ukungu (springtail), kikopo kimoja kinatosha, wanazaana wenyewe.

Ukishapanda usimuingize siku hiyo hiyo. Subiri wiki nne mizizi ishike, yeye akae kwenye boksi la plastiki lenye matundu na karatasi za jikoni. Nilimwambia mwanangu wiki nne, akawa anakata siku kwenye kalenda ya jikoni. Siku ya 19 nimerudi kazini nakuta boksi tupu, nikataka kuzimia, kumbe Mandazi yuko kichwa chini kwenye sansevieria analamba kioo na mlango umefungwa vizuri tu.