Gia za Subaru ya zamani: nunua bushi kwanza, liva fupi baadaye

Kanuni za KEBS, shirika la viwango la Kenya, haziruhusu gari la mtumba lililozidi miaka minane kuingia nchini. Kwa hiyo Impreza WRX ya 2002 au Forester ya tabo ya 2005 unayoiona ikiuzwa hapa Nakuru imekuwa Kenya zaidi ya miaka kumi, na imepita mikono mingi. Injini huenda imetunzwa vizuri, lakini shika liva ya gia uitikise: inacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Tangu Safari Rally irejee kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, ikikimbiwa Naivasha, ndani ya kaunti yetu hii hii, naona vijana wengi wakikimbilia kununua liva fupi, ile wanayoiita shoti shifta, wakidhani ndiyo dawa. Mimi naiweka nafasi ya nne.

Nafasi ya kwanza ni bushi, na hapa sina shaka hata kidogo. Liva ya Subaru hizi haikukaa juu ya giaboksi moja kwa moja. Chini ya sakafu kuna fimbo ya chuma inayotoka kwenye liva kwenda mbele hadi kwenye kiungo cha giaboksi, na sambamba nayo kuna mkono mwingine unaoshikilia kitako cha liva kisitembee. Viungo hivyo vina bushi za mpira, yaani vipande vidogo vya kuvishikilia visicheze. Joto la ekzosi inayopita papo hapo na mafuta yanayovuja vikishailainisha mipira hiyo, unasukuma mkono sentimita kadhaa kabla giaboksi haijasikia chochote. Jipime hivi: zima injini, ingiza gia ya tatu, halafu sukuma liva kushoto na kulia. Ikiwa bado inatembea ovyo ilhali imo ndani ya gia, umeshampata mchawi.

Bushi za poliuretani, aina ya plastiki ngumu kuliko mpira, kama zile za kampuni ya Kartboy, ndizo ningewashauri watu wengi wanunue. Hazibonyei kirahisi, na tofauti utaihisi siku hiyo hiyo. Lakini kama gari ndilo linalopeleka watoto shule na kila wiki unapita barabara za vumbi za upande wa Rongai au Subukia, chukua mpira mpya wa kampuni. Utadumu, na mtikisiko hautapanda kwenye mkono. Bushi za chuma waachie wa mashindano, maana kila mlio wa giaboksi utaingia ndani ya gari. Nunua za mbele na za nyuma pamoja, na uongeze pini mpya ya kile kiungo cha mbele. Pini hiyo hutolewa kwa kugongwa na chombo cha saizi yake. Fundi akija na msumari na nyundo, mwambie asubiri.

Ya pili ni oili ya giaboksi. Si kitu cha kuonyesha marafiki, najua, lakini giaboksi ya gia tano hubeba takriban lita 3.5 tu, na oili hiyo hiyo ndiyo inayolainisha difu ya mbele, ile inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele. Ndiyo sababu lazima iwe ya daraja la GL-5, uzito wa 75W-90. Gia ya pili ikikataa asubuhi za baridi kule Mau Summit kisha ikalainika gari likipata joto, anzia hapa.

Ya tatu ni nobu nzito, kile kichwa unachokishika. Uzito wake husaidia kuibeba liva hadi gia iingie, na unaifunga mwenyewe bila fundi. Uzi wa skrubu wa Subaru ni M12x1.25; tafuta nobu yenye alama hiyo. Mwenye duka akikuambia inaingia magari yote kwa skrubu tatu za pembeni, rudisha pesa mfukoni, kwa sababu hizo hulegea. Gari la gia sita lina pete ya kuinua ili rivasi iingie, kwa hiyo hakikisha nobu haiizuii.

Sasa liva fupi. Inafanya kazi kwa kuhamisha uwiano: sehemu iliyo chini ya egemeo hurefushwa, ya juu hupunguzwa, hivyo mkono unasafiri kidogo. Lakini nguvu unayotumia inaongezeka, na sinkronaiza ndani ya giaboksi, zile pete zinazosawazisha mzunguko kabla gia haijaingia, hazipati kasi yoyote mpya. Kama gia ya pili inakwaruza unaposhuka kutoka ya tatu, liva fupi itakufanya uilazimishe upesi zaidi, na gharama itakayofuata ni ya giaboksi. Ikiwa giaboksi ni nzima na bushi ni mpya, basi ni raha kweli kweli. Hapo ningetafuta ya STI, kitengo cha Subaru cha magari ya mashindano, iliyotoka kwenye gari lililokatwa Japani kabla ya kununua mpya isiyo na jina. Kagua duara la egemeo kama limechubuka, hakikisha ni ya gia tano au sita kulingana na gari lako kwani haziingiliani, na uitishe kifuniko cha mpira cha chini. Kikikosekana, vumbi na joto vitapanda hadi kwenye viti.

Mwisho kabisa naweka kukata liva yako na kuchomelea. Ni rahisi, na mafundi wanaofanya hivyo wapo. Lakini chomeleo likikatika ukiwa mteremko wa Salgaa, na malori mbele na nyuma, utabaki na kipande cha chuma mkononi. Usikubali.

Kazi yoyote utakayofanyiwa, usilipe kabla hujaingiza gia zote wewe mwenyewe, kwanza injini ikiwa imezimwa, kisha ikiwa inanguruma. Rudia ya tano na rivasi, kwa maana hizo ndizo hukosa kufika kamili fimbo ikifungwa vibaya.