Uzoefu wangu na Metro ya Dubai, kwa jicho la mtu wa zamu

Wengi wanaoisifia Metro ya Dubai ni watu waliokuja wiki moja, wakapiga picha pale Burj Khalifa, wakarudi Dar au Nairobi na habari za treni isiyo na dereva. Mimi ni mfanyakazi wa hoteli upande wa Marina, nimepanga International City, na bila treni hii kazini sifiki. Naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyoibana haihusu treni yenyewe, na nitaieleza mbele.

Kwanza haki yake nimpe. Treni inafika, milango ya vioo ya kituoni na milango ya behewa inafunguka pamoja, watu wanashuka, wanapanda, inaondoka. Hakuna konda, hakuna anayekuambia "sogea nyuma kuna nafasi", hakuna kusubiri gari lijae. Dereva hayupo kabisa. Uendeshaji wote unafanyika kwa kompyuta na kusimamiwa kutoka kituo cha udhibiti kule Rashidiya. Mahali ambapo kwingine pangekuwa na kiti cha dereva pana dirisha kubwa, na watoto na watu wazima wanapagombania kwa heshima moja. Hata mimi nikiwa na mapumziko husimama pale, ukiona reli inavyopinda kati ya maghorofa unasahau kwamba kesho una zamu.

Historia yake fupi inasaidia kuuelewa mji. Mkataba wa ujenzi ulitolewa mwaka 2005, kazi ikaanza 2006, na Njia Nyekundu ikazinduliwa tarehe 9 mwezi wa 9 mwaka 2009, saa 3 usiku na dakika 9 na sekunde 9. Hawa jamaa na namba zao! Siku hiyo vituo 10 tu kati ya 29 ndivyo vilivyokuwa tayari, vingine vikafunguliwa pole pole. Njia ya Kijani ikafuata tarehe 9 Septemba 2011. Mwaka 2021 likaongezwa tawi la kilomita 15 kwenda eneo la maonyesho ya Expo 2020. Leo mtandao mzima unakaribia kilomita 90, na mwaka 2024 pekee abiria walikuwa takriban milioni 275. Kwa Mtanzania kuna kitu cha kufurahisha hapa: kampuni ya Kituruki ya Yapı Merkezi, ile iliyojenga SGR kutoka Dar hadi Morogoro na kuendelea, ilikuwemo kwenye muungano uliojenga metro hii, pamoja na Wajapani wa Mitsubishi, Obayashi na Kajima.

Sasa tuje kwenye pesa, maana hapa ndipo wenzangu huuliza sana. Unalipa kwa kadi ya Nol. Ya Silver inauzwa dirhamu 25 na ndani yake kuna salio la 19. Mji umegawanywa kanda: safari ndani ya kanda moja ni dirhamu 3, kanda mbili 5, zaidi ya hapo 7.50. Nauli ya daraja la Gold ni mara mbili ya hiyo, kwa viti vipana na watu wachache. Ukibadilisha kutoka basi kwenda treni ndani ya dakika 30, inahesabika safari moja, kwa hiyo basi langu la asubuhi halinigharimu nauli ya pili. Usisahau kugusisha kadi unaposhuka kwenye basi, wengi wageni hugusisha wakati wa kupanda tu.

Kwa mfanyakazi wa kila siku, piga hesabu ya pasi ya mwezi. Pasi ya siku 30 ya kanda zote ni dirhamu 350. Ukienda na kurudi kwa 7.50 ni 15 kwa siku, na mwenye kazi siku 26 kwa mwezi anatumia 390. Pasi inaanza kukulipa kuanzia siku ya 24. Kama una off mbili kwa wiki, achana nayo, jaza salio tu. Na ukijaza dirishani kwa karani, tangu Agosti 2024 kima cha chini ni dirhamu 50. Kwa mtu anayehesabu sarafu hadi mshahara utoke hilo si dogo, ila mashine za kituoni na programu ya simu zinapokea pungufu ya hapo. Nenda kwenye mashine.

Mimi hupandia Centrepoint, mwanzo wa Njia Nyekundu. Wazee wa mji bado wanapaita Rashidiya, na ukimuuliza mtu njia usishangae ukitajiwa majina mawili ya kituo kimoja. Majina ya vituo hapa yanauzwa kwa makampuni, mkataba ukiisha au tajiri mpya akija, bango linabadilika. Jumeirah Lakes Towers imekuwa DMCC, Dubai Marina imekuwa Sobha Realty, Al Safa imekuwa Onpassive. Ukielekezwa na mtu aliyeondoka Dubai zamani, thibitisha kwenye ramani kabla hujatoka.

Faida ya kupandia mwanzo ni kiti. Treni inakuja tupu, unakaa, na hadi Terminal 3 ya uwanja wa ndege bado unapumua. Kituo cha Al Rigga wanaingia watu wa mtaa wa Deira. Union, ambako njia mbili zinakutana, linaingia jeshi. Kutoka hapo treni inapita chini ya Khor, ule mkono wa bahari unaoukata mji (Creek kwa Kiingereza), hadi BurJuman, na watu wamebanana kiasi kwamba mkono ulioingia nao mfukoni utatoka nao BurJuman. Mgeni akishuka hapo ainue macho: kituo kimepambwa kwa mandhari ya maji, na taa kubwa zinazoning'inia zina umbo la yavuyavu. Sisi wa zamu hatuna muda wa kuinua macho, lakini siku moja moja tunakumbuka.

Sehemu ya wanawake na watoto ndiyo iliyonifanya niipende metro hii kuliko usafiri wowote niliowahi kutumia. Sakafuni kuna mstari wa pinki. Mwanaume akivuka, faini dirhamu 100. Huwa inatokea hivi: kijana anaingia mbio milango ikikaribia kujifunga, anashusha pumzi, anatoa simu. Baada ya muda anahisi kimya cha namna fulani. Anainua uso, anaona mabuibui, sari na sketi za sare kila upande. Hakuna anayemgombeza. Mama mmoja anaonyesha kidole chini. Kijana anaangalia mstari, anaruka upande wa pili kama ameona nyoka, halafu anasimama pale pale ncha ya kiatu ikigusa rangi. Nikitoka zamu ya jioni, miguu imevimba, kujua kwamba hakuna atakayeniegemea kwa makusudi ni jambo ambalo nauli haiwezi kulipia.

Faini ziko nyingi, zijue. Kula, kunywa au kutafuna ubani ndani ya treni au kituoni, 100. Kusafiri bila tiketi halali, 200. Kulala mahali pasiporuhusiwa, 300. Hata maji usinywe. Wakaguzi wapo na mashine zao mkononi, na wana adabu, lakini neno "sikujua" halina soko kwao.

Nyota iliyokosekana, basi. Metro hii imechorwa kama utepe kando ya barabara ya Sheikh Zayed, kwenye mji uliokwisha kujengwa kwa ajili ya gari. Ukiwa ndani ya treni uko sawa. Ukishuka, mambo yanaanza. Kituo kiko ng'ambo hii, ofisi iko ng'ambo ile, katikati pana barabara pana ambayo hata mbuzi hathubutu kuikatiza. Wamejenga madaraja ya watembea kwa miguu yenye kiyoyozi na mikanda ya kutembea, sawa, na yanasaidia. Lakini daraja likiisha kiyoyozi kinaishia pale pale. Kutoka kituo cha Burj Khalifa hadi Dubai Mall kwenyewe ni kama mita 820 za kutembea, na huo ndio mfano mzuri kwa sababu umefunikwa wote. Sisi wa huku nyuma tunatembea juani mwezi wa nane, joto limepita nyuzi 40, mkoba wa sare begani. Unafika kazini umeshalowa kabla hujashika ufagio.

Na kuna maeneo ambayo treni haijafika kabisa, na mengi ni yale yenye kodi ya chini. Mwajiri wangu wa kwanza, simtaji, alitupangishia vitanda mahali ambapo kufika kituo cha karibu ilikuwa basi kisha mguu kisha subira. Ukiletewa mkataba, uliza nyumba iko wapi kabla hujauliza chakula.

Ratiba nayo ina jambo lake. Siku za kazi wanafungua saa 11 alfajiri hadi saa 6 usiku, Ijumaa hadi saa 7 usiku. Jumapili wanafungua saa 2 asubuhi. Kwa mwenye ofisi hiyo ni siku ya kulala. Hoteli, hospitali na walinzi hawana Jumapili, na mwenye zamu ya saa 1 asubuhi anabaki na basi au teksi ya kuchangia. Ningependa kuona hili likibadilishwa kabla ya kuongezwa kituo kingine chochote cha kifahari.

Aprili 2024, mvua ile kubwa iliyozamisha barabara ilifunga vituo kadhaa vya Njia Nyekundu kwa wiki kadhaa, abiria wakawekewa mabasi. Ndipo mji mzima ukaelewa ni watu wangapi wanaitegemea treni. Hata wenye magari walilalamika foleni.

Tunachosubiri huku kwetu ni Njia ya Bluu. Kilomita 30, vituo 14, itaunganisha Centrepoint na kituo cha Creek kupitia Mirdif, International City, Silicon Oasis, Academic City na Dubai Creek Harbour. Ujenzi umeanza, na tarehe waliyotangaza, mtabashiri wenyewe, ni 9 Septemba 2029. Mwenye nyumba wangu ameshaanza kuitaja kila tukizungumzia kodi, kana kwamba treni imeshapiga honi mlangoni.

Kwa anayekuja kwa biashara. Terminal 1 na Terminal 3 zina kituo cha metro, Terminal 2 haina. Kama tiketi yako ni ya flydubai kutoka Dar au Zanzibar, angalia unashukia wapi, na kama ndege inatua baada ya saa 6 usiku weka bajeti ya teksi. Ukifikia Deira, Njia ya Kijani ndiyo yako: Union, Baniyas Square na Gold Souq zote ziko juu yake, na masoko mengi unayoyafahamu yako hatua chache kutoka hapo. Dragon Mart, lile soko kubwa la bidhaa za China, iko huku kwetu International City, kwa sasa utakuja na basi.

Mzigo ndio unaowakwamisha wengi. Kila abiria anaruhusiwa begi moja kubwa, lisilozidi sentimita 81 kwa 58 kwa 30, na dogo moja la 55 kwa 38 kwa 20. Boksi la vitenge au robota la nguo halipiti getini, usijaribu kumbembeleza mlinzi. Nunua, acha dukani, mpigie mtu wa kargo alifuate pale pale Deira, wewe panda treni mikono mitupu.