Unga wa mlonge kwa broila: mfuko wa kwanza raha tupu, wa pili hasara

Lile duka la vyakula vya mifugo pale Mbuyuni, Moshi, sikanyagi tena hata wakinigawia bure.

Mwanzoni nilikuwa mpiga debe wao. Nilinunua unga wa majani ya mlonge, nikawa nachanganya kilo 5 kwenye kila kilo 100 za chakula, broila walipotoka kwenye starta, kile chakula cha vifaranga. Jamani, miguu na ngozi vilipiga manjano mpaka wateja wakauliza kama nimehamia kienyeji! Na si rangi tu. Majani makavu ya mlonge yana protini karibu robo ya uzito wake, na kwa bei ya dagaa siku hizi ule ulikuwa msaada wa kweli.

Ukaja mfuko wa pili. Kijana wangu wa banda alipofungua akaniita. Unga wa mlonge uliokaushwa kivulini ni kijani. Huu ulikuwa kahawia kama ugoro, una vijiti na unanuka uvundo. Kuku walidonoadonoa wakaacha, wakajikunyata pembeni. Vijiti ni nyuzinyuzi, kuku hacheui kama ng'ombe, zinamjaza tumbo bila kumpa nyama. Na uvundo ni ukungu, ukungu ndiyo mwanzo wa sumukuvu!

Nikaubeba mfuko mpaka dukani. Muuzaji yuko kwenye simu. Nikamwuliza kwa adabu, "Mangi, huu ni mlonge mtupu au mmetia lukina?" Lina maana swali hilo, maana lukina, ule mti wa malisho, majani yake yana sumu iitwayo mimosini, na ikizidi kuku hudumaa. Hata macho hakuinua.

"Majani ni majani, mama. Kwani kuku wako wanajua kusoma?"

Wenzake wakaangua kicheko. Nikamwaga unga kidogo mezani auone, akafoka kuwa namchafulia duka. Nikadai hela yangu, akadai risiti. Risiti ipi, wakati yeye mwenyewe hakunipa? Mtu mzima nimesimama pale na kiroba changu, wateja wananitazama kama tapeli!

Nilitoka nikiapa kwamba mambo ya majani ni wizi mtupu. Hapana, nisiusingizie mlonge, kuku wa mzunguko wa kwanza niliwaona kwa macho yangu na waliuzika vizuri. Lakini dawa nzuri mkononi mwa mtu asiyejali inakufaa nini? Kwa bei waliyonitoza, bora mashudu ya alizeti na soya, angalau nayajua kwa kuyaangalia. Nyota moja, na hiyo ni ya mfuko wa kwanza.

Kama kuna mtu huko tambarare, Kahe au popote, anayekausha mlonge wake mwenyewe, aniambie. Nitakuja, nione majani yakiwa bado kwenye turubai, nilipe papo hapo. Kiroba kilichokwisha kushonwa sinunui.